Mchezo Usiojua Kunyima: Forza Horizon 5 na Mexico Yake

Forza Horizon 5 ni mchezo wa video wa mbio za magari uliotengenezwa na Playground Games, studio ya mji wa Leamington Spa nchini Uingereza, na kutolewa na Microsoft mnamo Novemba 2021 kwa wenye mashine za Xbox na kompyuta za Windows. Wenye PlayStation 5 waliupata Aprili 2025. Mandhari yake ni Mexico. Mchezaji hukabidhiwa gari, ramani nzima na ruhusa ya kwenda popote: kwenye lami, porini, mtoni, hata katikati ya shamba la mtu. Anaweza kushindana, na anaweza pia kumaliza jioni nzima akizurura bila kushindana na yeyote.

Hiyo ndiyo maana ya kuuita mchezo wa ulimwengu wazi. Michezo mingi ya mbio humpanga mchezaji mstarini, ikamzungusha kwenye uwanja uliofungwa, ikamtajia nafasi aliyoshika, kisha ikamrudisha kwenye orodha achague uwanja mwingine. Katika ulimwengu wazi orodha hiyo imegeuzwa kuwa barabara. Shindano lina mahali pake, na anayelitaka huliendea. Wazo lenyewe si jipya. Midtown Madness ya mwaka 1999 iliwaachia wachezaji mitaa ya Chicago; Test Drive Unlimited ya 2006 ilichora barabara za kisiwa kizima cha Oahu, Hawaii; Burnout Paradise ya 2008 iliweka shindano kwenye kila njia panda yenye taa. Mfululizo wa Horizon ulianzia Colorado mwaka 2012, ukaenda kusini mwa Ufaransa na kaskazini mwa Italia, kisha Australia, kisha Uingereza, ndipo ukatua Mexico. Toleo hili la tano lilipokewa vizuri sana na wahakiki, kwa wastani wa alama 92 kati ya 100 kwenye tovuti ya Metacritic. Sifa zake na kasoro zake, hata hivyo, ni watoto wa mama mmoja. Mchezo huu haujui kumnyima mchezaji kitu chochote.

Tabia hiyo inaonekana tangu dakika ya kwanza. Ndege ya mizigo inafungua mlango wa nyuma, Ford Bronco inadondoka kwenye mteremko wa volkano, na kabla mchezaji hajajua kitufe cha breki ni kipi, tayari anashuka kwa kasi. Gari linabadilishwa, ndege inamwaga jingine, mandhari yanabadilika, mpaka Mercedes-AMG One inapoingia kwenye uwanja wa tamasha la magari ambalo mchezo mzima unalizunguka, huku fataki zikilipuka. Gari hilo la mwisho ni la bei ambayo hata matajiri huiwazia mara mbili. Michezo mingine ingelificha mpaka mwisho, liwe zawadi ya mwezi mzima wa jasho. Hapa linaonjeshwa mwanzoni, kama kikombe cha chai cha kumkaribishia mgeni.

Ramani ndiyo nguvu kuu. Imegawanywa katika maeneo kumi na moja yenye sura tofauti: jangwa la mchanga, mashamba, msitu mnene, kinamasi, makorongo, pwani, na mlima wa volkano uitwao La Gran Caldera, wenye theluji kileleni. Watengenezaji walituma watu Mexico wakapige picha za mbingu kwa saa nyingi mfululizo, mawingu na mwanga wa mchezo vikajengwa juu ya picha hizo. Kazi hiyo inaonekana. Asubuhi ya jangwani ina weupe mkali unaolazimisha jicho kufumba kidogo, na jioni ya pwani ina rangi ya chungwa lililoiva. Msimu hubadilika kila Alhamisi, na kila eneo huupokea msimu kwa namna yake. Wakati wa kiangazi tufani ya vumbi huweza kuinuka na kulimeza jangwa, barabara ikapotea mita chache mbele ya taa. Msimu wa dhoruba unapofika, upande wa pwani miti huinama na maji hutiririka juu ya lami.

Mji mkubwa wa ramani hiyo ni Guanajuato, nao upo kweli. Ni mji wa kikoloni uliojengwa kwa fedha ya migodini, wenye nyumba za rangi zilizobanana kwenye kuta za bonde, na chini yake njia za mahandaki ambazo leo hupitisha magari. UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 1988. Katika mchezo mahandaki hayo ni raha ya masikio: gari lenye injini kubwa likiingia humo, mngurumo hugonga ukuta na kurudi, na wachezaji wengi huachia mafuta na kuyakanyaga tena makusudi, ili tu wausikie. Haikushangaza kwamba kwenye tuzo za The Game Awards za 2021 mchezo huu ulitwaa ile ya usanifu wa sauti, pamoja na ya mchezo bora wa spoti au mbio.

Ila ramani hii inabana. Guanajuato halisi uko kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mbali na pwani. Kwenye mchezo, dereva mwenye haraka anatoka mjini na kufika ufukweni ndani ya dakika chache. Ni gharama inayovumilika, kwani hakuna anayetaka kuendesha saa nyingi ndipo aione bahari. Lisilovumilika kirahisi ni ukimya wa mitaa yenyewe. Nyumba zimepakwa rangi kwa uangalifu, michoro ya ukutani imefanywa na wasanii wa Mexico, lakini hakuna muuza taco, hakuna watoto wanaotoka shule, hakuna mzee kwenye kiti chake mlangoni. Watazamaji hujitokeza kandokando ya mashindano na kushangilia, kisha mji unarudi kuwa seti ya sinema baada ya wapiga picha kuondoka.

Uendeshaji wenyewe umekaa mahali pazuri kati ya uhalisia na mzaha. Uzito wa gari unahisiwa kwenye kona, tairi za nyuma hulegea mapema kwenye changarawe kuliko kwenye lami, matope hushika. Hata hivyo gari lile lile laweza kuruka kutoka ukingo wa korongo, likatua kwa magurudumu manne na kuendelea na safari kana kwamba limevuka tuta la barabarani. Misaada ni mingi, kuanzia breki zisizokaza tairi mpaka mstari wa rangi uliochorwa barabarani kuonyesha pa kupita na pa kupunguza mwendo. Kila msaada unaozimwa huongeza asilimia ya krediti, ambazo ndizo pesa za mchezo. Kwa hiyo mtoto wa miaka minane na dereva aliyefunga usukani mezani wanaweza kupita barabara moja, kila mmoja akiona imetengenezwa kwa ajili yake. Michezo inayoweza hivyo si mingi.

Mfano mmoja unatosha. Katika orodha ya magari ipo Volkswagen Beetle ya zamani, ile ambayo Wamexico huiita Vocho na ambayo kiwanda cha Puebla kiliendelea kuiunda mpaka Julai 2003, miaka mingi baada ya Wajerumani wenyewe kuacha. Ukiitoa mahandakini Guanajuato na kuielekeza volkanoni, kazi inaanza. Injini iko nyuma na inapiga kelele nyingi kuliko mwendo inaoutoa. Mlima ukikaza, gia inashuka hadi ya pili, na sindano ya mwendo inabaki pale pale huku pua ya gari ikicheza kwa sababu mbele hakuna uzito wa kuishikilia. Kila kona inabidi ipangwe mapema, maana kasi iliyopotea hapo hairudi mpaka mteremko ujao. Majani yanaisha, theluji inaanza. Kileleni dereva akisimama anaona jangwa, msitu, na mbali kidogo bahari, vyote kwa mzunguko mmoja wa kichwa. Safari hiyo haina zawadi wala saa inayohesabu. Pengine ndicho kipande bora kuliko vyote, na ni kwa sababu kwa mara hii moja gari halitoshi.

Maana kwa kawaida magari yanatosha, na kuzidi. Siku ya kwanza yalikuwa zaidi ya 500, na mamia yameongezwa tangu hapo: Ferrari na Lamborghini, malori ya jangwani, magari ya rali, na mengine ambayo msomaji wa Afrika Mashariki atayatambua kwa mlio tu, kama Toyota Land Cruiser ya kale, Hilux, na Subaru Impreza za kila umri ambazo vijana wa Nairobi wangezipanga kwa kumbukumbu. Kila gari hupewa namba na kuwekwa kwenye daraja, kuanzia D hadi X, ili mashindano yawe ya haki. Gereji ni pana mno: injini hubadilishwa, tairi huchaguliwa, uwiano wa gia hupangwa, springi hulegezwa au kukazwa, rangi hupakwa. Asiyejua ufundi hupakua mpango wa mtu mwingine bure na kuingia barabarani.

Tatizo ni namna yanavyopatikana. Mchezaji akipanda ngazi hupewa zamu ya gurudumu la bahati, linazunguka kama la kasino, na likisimama limempa gari, krediti, au suruali ya kumvisha mhusika wake. Zamu hizo huja kwa wingi. Mtu aliyecheza Jumamosi moja anaweza kujikuta na magari ya mamilioni ambayo hakuyaomba na hatayawasha. Gran Turismo ya mwaka 1997 ilimwanzisha mchezaji na pesa kidogo na yadi ya magari yaliyotumika. Alinunua kitu kidogo, akakishindania, akakiongezea bomba la moshi, na siku alipokiuza alijuta. Forza Horizon 5 haimpi mtu nafasi ya kujuta. Gari ambalo limepatikana kwa bahati, likapangwa kando ya jingine lililopatikana vivyo hivyo, ni picha ya gari tu. Wapenzi wa mchezo huu hujiwekea masharti wenyewe: mwaka mzima gari moja, au magari ya Japani peke yake, au kutogusa gurudumu. Wanajaza kwa mikono yao kitu ambacho watengenezaji walikiacha nje.

Kitufe cha kurudisha nyuma wakati kinakwenda njia hiyo hiyo. Gari limeingia kona kwa kasi iliyopitiliza, limepiga mti mkubwa, ushindi umekwenda. Kidole kinabonyeza, sekunde zinajikunja, gari linarudi kinyumenyume mpaka kabla ya kona, na kosa linafutwa. Kwa mgeni ni huruma ya kweli, na anayejifunza huweza kuirudia kona moja mara tano hadi aielewe. Kwa mzoefu ni kishawishi kinachokaa chini ya kidole gumba. Kinaweza kuzimwa, lakini kujua kwamba kipo tayari kumeilegeza kamba. Na kuta nyingi za mawe na vichaka huvunjika tu gari likipita, kwa hiyo hata ajali nyingi si ajali.

Wapinzani nao wana kasoro yao. Huitwa Drivatar, madereva wa kompyuta waliopewa majina ya wachezaji halisi, na ukali wao hupangwa kwa ngazi tisa, kutoka ile ya mtalii hadi ile inayoitwa isiyoshindika. Mara nyingi ngazi moja ni laini mno na inayofuata ni ngumu mno. Kwenye ngazi za juu, kiongozi wa mbio huchomoka peke yake na kuachana na wenzake kana kwamba anakimbia shindano jingine, huku kumi waliobaki wakizibana njia nyembamba. Kushinda kunakuwa suala la kuchagua gari sahihi kabla ya kuanza kuliko kuendesha vizuri baada ya hapo.

Mazungumzo ni sehemu dhaifu kuliko zote. Mchezaji huitwa nyota na kila anayemkuta; hakuna mpinzani mwenye kinyongo, wala mtu aliyechoka na tamasha. Akifika wa kwanza husifiwa, akifika wa mwisho huambiwa amejitahidi sana. Baada ya saa chache sifa hizo huwa kama redio ya jirani, zinasikika bila kusikilizwa. Mexico yenyewe imetazamwa kwa heshima, kuna sauti za Wamexico na Kihispania kilichochanganywa katikati ya maongezi, na kisa cha Vocho kina mapenzi ya kweli ndani yake. Lakini nchi imegeuzwa mwenyeji wa sherehe tu. Inatabasamu, inapisha magari, na haina lake la kusema.

Kucheza na wengine mtandaoni kulianza kwa kusuasua. Wiki za mwanzo misafara ya marafiki ilivunjika ovyo, watu walitupwa nje ya seva, na baadhi ya kompyuta zilizima mchezo katikati ya mbio. Mengi yalirekebishwa. Kilichobaki ni ratiba ya kila wiki, ambayo hutoa magari maalumu kwa atakayekamilisha kazi kabla ya Alhamisi inayofuata. Hapo ndipo mchezo mkarimu unapobadilika ghafla kuwa mnyimivu: anayesafiri au mwenye mitihani akikosa wiki, gari limempita, na huenda akalisubiri kwa miezi au alifuate mnadani kwa bei ya kuruka. Upande wa pili ni karakana ya EventLab, ambamo wachezaji hujenga njia na mashindano yao wenyewe. Zimetoka kazi za ajabu humo. Zimetoka pia barabara fupi za kuvunia krediti usingizini.

Eneo ambalo ukarimu haukuwa na hasara hata kidogo ni upatikanaji kwa watu wenye ulemavu. Mwendo wa mchezo mzima unaweza kupunguzwa kwa anayecheza nje ya mtandao, ili mikono isiyo na wepesi ipate muda. Rangi hubadilishwa kwa wasiotofautisha baadhi yake, maandishi hukuzwa, na menyu husomwa kwa sauti. Mhusika wa mchezaji anaweza kuwa na mkono au mguu wa bandia, au kifaa cha kusaidia kusikia. Mwaka 2022 waliongezwa wakalimani wa lugha ya alama ya Marekani na ya Uingereza, wanaoonekana pembeni ya skrini wakati wa maonyesho ya hadithi. Kwenye The Game Awards zile zile za 2021, mchezo huu wa mbio ulitwaa pia tuzo ya ubunifu katika upatikanaji mbele ya michezo ya aina nyingine.

Nyongeza mbili za kulipia zilifuata. Ya Hot Wheels, ya Julai 2022, inatandika reli za plastiki za rangi angani na kumwendesha mtu kichwa chini. Ya Rally Adventure, ya Machi 2023, inarudi kwenye vumbi, mabonde na msaidizi anayesoma kona kabla hazijafika. Ya pili ndiyo iliyokomaa zaidi, kwa kuwa mbio zake za rali humweka mtu peke yake na saa, na saa haisifii. Anayetaka kuanza na mchezo wenyewe ajue pia kwamba unachukua zaidi ya gigabaiti 100 za nafasi. Kwa anayetegemea bando la simu, kuupakua peke yake ni gharama inayoshindana na bei ya dukani.

Halafu kuna suala la umri. Magari ya mchezo ni ya kampuni halisi, na majina, maumbo na nyimbo za redio hutumika kwa mikataba yenye mwisho. Kitu kile kile kinachoufanya mchezo uaminike ndicho kinachouwekea tarehe ya kuondoka sokoni. Horizon ya tatu iliacha kuuzwa mtandaoni Septemba 2020, miaka minne tangu itoke. Ya nne iliondolewa tarehe 15 Desemba 2024. Walionunua kabla ya hapo hawakunyang'anywa, jambo ambalo wenzao wa The Crew, mchezo mwingine wa ulimwengu wazi uliochora Marekani nzima kwa kipimo kidogo, hawakubahatika nalo. Ule ulilazimisha kuunganishwa na seva kila wakati, na seva zake zilipozimwa tarehe 31 Machi 2024, hata diski zilizokuwa kabatini zilibaki plastiki. Forza Horizon 5 huchezeka peke yake bila mtandao. Toleo la sita, lililotangazwa Septemba 2025, limehamishia tamasha Japani, na mikataba ya magari ya Mexico itafika mwisho kama ya wenzake. Atakayekuwa ameupakua ataendelea kuipandisha Vocho yake volkanoni kwa gia ya pili.